Sakafu ya Mbao Chini ya Jua na Masika

Sakafu ya mbao iliyo nje ya nyumba hupata adha kuliko mbao nyingine zote za jengo. Mlango husimama wima, mvua ikiupiga huteremka na kwenda zake. Dirisha hukingwa na upenu. Boriti za dari hazilioni jua maisha yao yote. Sakafu ya nje hulala chali: jua la saa sita linaipiga utosini, maji ya mvua yanatuama juu yake, na miguu inaisugua kwa mchanga uliokuja na viatu. Ndiyo maana huwa ya kwanza kupauka, na mara nyingi huwa ya kwanza kukatiwa tamaa, kwa sababu mwenye nyumba akiiona imekuwa ya kijivu na yenye vibanzi hudhani imekwisha. Aghalabu haijesha. Ubao uliopauka juu huwa mzima ndani, na anayeelewa kilichoupata anaweza kuurudisha kazini kwa gharama ndogo kuliko ya kununua mpya.

Katika majengo ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki, baraza za chini, wanapoketi wageni na majirani, zilijengwa kwa mawe na chokaa, nazo mbao zikapandishwa juu, kwenye roshani. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, unajulikana kwa roshani hizo kama unavyojulikana kwa milango yake. Zinazotazamwa zaidi ni za Dispensari ya Kale, jengo lililo mkabala na bahari karibu na bandari. Ujenzi wake ulianzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ukamalizika mwaka 1894, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mafundi walizitia roshani zake nakshi ambazo hadi leo humfanya mpita njia asimame. Jengo hilo baadaye lilichakaa vibaya kwa kukosa matunzo, mpaka lilipofanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya 1990 na shirika la Aga Khan Trust for Culture. Roshani ambayo ingeweza kutunzwa kwa ufagio, brashi na kopo la mafuta kila mwaka, ikiachwa miongo kadhaa, huhitaji jukwaa la mafundi na fedha za shirika la kimataifa. Ukweli huo unazihusu sakafu zote za mbao zilizo nje, kubwa na ndogo: mbao hailindwi kwa kupakwa kitu kigumu mara moja. Hulindwa kwa kurudiwa.

Mbao zenyewe hazilingani. Msaji, mti ulioletwa kutoka Asia na ambao sasa hupandwa katika mashamba kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na mvule, mti wa misitu ya Afrika yenyewe, ndizo mbao zinazosifiwa zaidi kwa kazi za nje. Miti hiyo hujiwekea katika kiini chake mafuta na kemikali zinazowakera mchwa na kuzuia kuvu. Lakini kinga hiyo haiko mti mzima. Tabaka jeupe lililo karibu na gamba halina kinga ya maana, hata mti uwe wa thamani kiasi gani. Ubao mmoja wa mvule unaweza kuwa wa kahawia upande huu na mweupe upande wa pili, ukalipiwa bei moja, kisha upande mweupe ukabunguliwa mapema na ule wa kahawia ukabaki imara. Fundi mzoefu huugeuza ubao na kuutazama pande zote nne kabla ya kuutoa dukani. Mvule una jambo lake jingine: ndani yake mna mawe hasa, chokaa iliyoganda katika nyufa za mti ulipokuwa hai, na randa ikiligonga jiwe hilo hupoteza makali papo hapo. Vumbi la mvule nalo huwasha pua na ngozi, kwa hiyo anayeupiga msasa hufunga barakoa.

Kupauka huanza na jua. Ubao umefanyika kwa nyuzi za selulosi, ambazo ni nyeupe na zenye nguvu, zikiwa zimeshikanishwa na lignini, dutu inayoupa mti ugumu na sehemu ya rangi yake. Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huivunjavunja lignini hiyo. Mvua ikinyesha huyachukua mabaki yake na kuyaosha, zikabaki juu nyuzi za selulosi zilizolegea. Nyuzi hizo, pamoja na ukungu mweusi unaojipenyeza humo, ndizo zinazoupa ubao ile rangi ya kijivu. Hata hivyo miale hiyo haipenyi mbali. Huishia katika sehemu ndogo tu ya milimita. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na ni kweli, ila jua hubandua polepole sana. Mbao laini kama za msonobari zikisimama wima mahali pa wazi hupungua takriban milimita 6 kwa miaka 100, na mbao ngumu hupungua kidogo kuliko hapo. Sakafu inayokanyagwa huliwa kwa kasi zaidi, kwa kuwa miguu huzisugua nyuzi zilizokwisha kulegezwa na jua. Hata hivyo, rangi ya kijivu peke yake si dalili ya kuoza. Wako wanaoipenda, na sakafu ya msaji inaweza kuachwa hivyo kwa makusudi bila kuanguka, mradi maji hayatuami.

Maji ndiyo hatari yenyewe. Unguja hupata mvua ya kama milimita 1,600 kwa mwaka, nyingi yake ikishuka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na nyingine wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Hata pasipo mvua, hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na ubao uliowekwa kivulini huku kwa kawaida hutulia na maji ya asilimia 14 hadi 17 ya uzito wake mkavu. Kiasi hicho hakiozeshi. Kuvu wanaoozesha mbao huanza kupata nafasi unyevu unapopita asilimia 20 na kukaa hapo, nao hustawi ubao unapokaribia asilimia 30, pale nyuzi zinaposhiba maji kabisa. Kazi yote ya kulinda sakafu ya nje inaweza kufupishwa katika namba hizo: ubao uachwe ulowe, kwa kuwa hakuna awezaye kuizuia mvua, lakini ukauke kabla kuvu hajapata makao.

Maji pia huutikisa ubao. Ukilowa hupanuka, ukikauka hunywea, tena si kwa kipimo sawa kila upande. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa upana hubadilika sana, na hubadilika zaidi kufuata mzunguko wa pete za ukuaji kuliko kutoka kiini kwenda gamba. Msaji ni miongoni mwa mbao tulivu, lakini hata ubao wake wenye upana wa sentimita 10 unaweza kuongezeka milimita moja au zaidi kutoka kiangazi hadi masika. Sakafu yenye mbao 30 zilizobananishwa bila mwanya haina pa kupeleka ongezeko hilo. Mbao huinuana, huvunja misumari au huusukuma ukingo wa roshani. Aidha, uso wa juu ukichomwa na jua huku uso wa chini ukiwa na unyevu, ubao hujikunja, kingo zikainuka na katikati pakafanya bonde, na bonde hilo likaweka maji ya mvua ijayo. Ndivyo kasoro ndogo inavyojizalia nyingine.

Bahari huongeza adui wa tatu, nayo ni chumvi. Upepo wa kaskazi na wa kusi huileta hadi roshani zilizo mbali na ufuko, ikatua kwenye vichwa vya misumari ya chuma na kuvila. Kutu huvimba na kuupasua ubao pembeni ya msumari. Msaji, mvule na mbao nyingine nyingi ngumu zina tanini, na tanini ikikutana na chuma chenye maji hutoa doa jeusi la buluu linalokimbia kufuata nyuzi za ubao. Doa hilo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uozo. Msumari uliolegea nao huacha tundu, tundu huwa njia ya maji, na maji yaliyoingia humo huchelewa sana kutoka.

Kwa hiyo matengenezo hayaanzi na brashi. Huanza na ukaguzi, na ukaguzi wa sakafu huanzia chini yake. Juu huonekana rangi. Chini huonekana hali. Fundi hupanda ngazi chini ya roshani, au huingia kwa magoti chini ya baraza ya mbao, akiwa na tochi na bisibisi nyembamba. Hukichoma kila kiungo pale ubao unapokalia boriti, pale boriti inapoingia ukutani, na penye ncha za mbao. Katika ubao mzima bisibisi huingia milimita moja na kukataa, na ikichokolewa hutoa kibanzi kirefu kinachovunjika kwa mlio mkavu. Katika ubao uliooza huzama bila ubishi, na kinachotoka ni vipande vifupi, vilaini, vinavyokatika kimyakimya kama mkate uliolowa. Vumbi laini lililojikusanya kama chumvi chini ya vitundu vidogo ni dalili ya bungua. Mirija ya udongo inayopanda ukutani au nguzoni ni njia ya mchwa, na haitoshi kuibomoa. Lazima ifuatwe hadi inakotoka. Boriti iliyopoteza nguvu haipakwi chochote. Hutolewa, kwa kuwa roshani hubeba watu.

Mahali panapooza kwanza si katikati ya sakafu, palipopauka zaidi. Ni pale maji yanapoingia yasitoke: chini ya vyungu vya maua, chini ya mkeka usioanuliwa, kwenye pembe palipojikusanya majani na vumbi, na hasa kwenye ncha za mbao. Ncha iliyokatwa ni midomo wazi ya mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, nayo hunywa maji kwa kasi inayouzidi mno uso wa ubao. Kwa sababu hiyo ubao wenye sura nzuri urefu wote unaweza kuwa umeoza sentimita 10 za mwisho, zilizogusana na ukuta wa chokaa wenye unyevu.

Baada ya ukaguzi huja marekebisho, na marekebisho ya kwanza huhusu njia za maji. Mfereji wa paa unaovuja juu ya roshani uzibwe kabla ya jambo jingine lolote, maana hakuna mafuta wala rangi itakayoshindana na maji yanayodondoka mahali pamoja masika nzima. Sakafu iwe na mteremko wa kutoka ukutani kwenda nje, na sentimita moja kwa kila mita hutosha kuyaondoa maji bila mtu aliyeketi kuhisi kiti kimeinama. Kati ya ubao na ubao pawe na mwanya wa milimita 4 hadi 6, upana wa kupitisha maji na ncha ya kisu cha kuchokolea uchafu. Ubao usigusane na ukuta. Palipo na udongo chini ya baraza, pawe na nafasi ya hewa kupita, na mimea isiachwe ikaifunga.

Mbao zilizooza hukatwa hadi penye mti mzima na kubadilishwa kwa mbao za aina ileile, zilizokauka sawasawa. Ubao mbichi ukipigwa msumari leo, miezi michache baadaye utakuwa umenywea, umejipinda na kuacha pengo. Misumari ya kutu hutolewa, na mahali pake huwekwa skrubu za shaba nyeusi au za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari kinachofaa ni kile cha daraja la 316, ambacho huvumilia chumvi kuliko kile cha kawaida. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, hasa karibu na ncha, ili ubao usipasuke. Kichwa cha skrubu huishia sawa na uso wa ubao. Kikizamishwa huacha kisima kidogo cha maji, na kikiachwa juu humkwaza anayetembea pekupeku.

Usafi hufuata. Ufagio mgumu huondoa mchanga, kisha sakafu huoshwa kwa maji, sabuni na brashi ya nyuzi ngumu, isuguliwe kufuata nyuzi za mti. Brashi ya waya wa chuma haifai, kwani huacha vichembe vya chuma vitakavyogeuka madoa meusi mvua ya kwanza. Pampu ya maji ya nguvu inayoshikwa na asiyeijua huchimba sehemu laini za ubao na kuuacha na mifereji. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe huua ukungu na kuupausha ubao upesi, na kwa sababu hiyo wengi huipenda. Lakini ikiwa kali hushambulia lignini na kuzilegeza nyuzi, ikawa imeifanya kazi ya jua. Afadhali unga wa kung'arishia unaotoa oksijeni, unaoyeyushwa katika maji ya vuguvugu na kuoshwa baada ya muda mfupi. Kwa madoa meusi ya chuma na kwa kurudisha rangi ya asili, mafundi hutumia asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji. Ni sumu ikimezwa na huunguza macho, kwa hiyo hutumiwa kwa glavu na miwani, watoto na mifugo wakiwa mbali, na mwisho sakafu huoshwa kwa maji mengi.

Palipo na rangi ya zamani inayobambuka, tahadhari huongezeka. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi la risasi huharibu ubongo wa watoto hata likiwa kidogo. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu. Hulowekwa kwa dawa ya kuondolea rangi au kwa maji, ikakwanguliwa ikiwa imelowa, na mabaki yake hukusanywa kwenye turubai na kutupwa mbali na bustani na kisima.

Sakafu iliyooshwa huachwa ikauke, nayo hukauka polepole kuliko inavyoonekana. Uso huwa mkavu jioni ileile. Ndani bado mna maji. Katika kiangazi cha pwani siku tatu mfululizo zenye jua na upepo ni kiasi cha chini, na baada ya masika ni vema kungoja wiki mbili au zaidi. Haraka katika hatua hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi: maji yaliyofungiwa chini ya rangi mpya hutafuta njia ya kutoka, yakainua malengelenge.

Kisha huja msasa. Huanza ule wa namba 60 palipo na vibanzi, ukafuata wa namba 80, na kwa sakafu ya nje itakayotiwa mafuta mara nyingi huishia hapo au katika namba 100. Kulainisha zaidi ya hapo hupendeza mkononi lakini huufunga uso wa ubao, mafuta yakakosa pa kuingia. Msasa husukumwa kufuata nyuzi, kamwe si kuzikata, na vichwa vya misumari iliyobaki hushushwa kwanza ili visiichane karatasi. Kinachotafutwa ni kufika penye mti mzima wenye rangi yake, chini ya ile ngozi ya kijivu. Ngozi hiyo haishiki kitu: chochote kinachopakwa juu yake huwa kimeshikamana na nyuzi zilizolegea, nazo zikibanduka hubanduka nacho. Na mti ukishafunuliwa usikawizwe. Wiki chache za jua kali zinatosha kuulegeza tena uso wake, hata kama jicho halijaona mabadiliko. Roshani ipigwe msasa kiasi kinachoweza kupakwa kabla ya hali ya hewa kugeuka.

Hapo ndipo linapokuja swali la nini kipakwe, nalo ndilo linalogawa mafundi. Vanishi angavu huvutia kuliko vyote. Huidhihirisha rangi ya asali ya mvule, hung'aa, na siku ya kwanza hufanya sakafu ionekane mpya. Lakini huwa inauruhusu mwanga kupita, na mwanga ukipita huivunja lignini chini ya vanishi yenyewe. Tabaka hubaki zima huku kile lilichokishika kikifumuka. Baadaye hutokea ufa mwembamba, aghalabu penye kiungo au palipokwaruzwa na mguu wa kiti. Maji huingia kwenye ufa, hutambaa chini ya tabaka, na hayawezi kutoka. Vanishi huinuka magamba, na ubao chini yake hukutwa mweusi. Wakati huo haiwezekani kuongeza tabaka jipya juu. Lazima yote ikwanguliwe hadi mti. Vanishi hufaa mlango ulio chini ya upenu. Kwa sakafu inayolala juani ni pambo la muda mfupi lenye deni refu.

Rangi nzito huuzuia mwanga vizuri, kwa kuwa chembe zake za rangi hukinga miale. Ikipakwa juu ya praima nzuri, kwenye mbao kavu, pande zote na ncha zote, hudumu. Udhaifu wake ni uleule wa kitu kinachofunika: ikipasuka huweka maji, na juu ya sakafu inayokanyagwa hulika njiani na kubaki nzima pembeni. Pia hufunika mti, na mwenye sakafu ya msaji huenda hakuununua ili aufiche.

Mafuta yenye rangi kidogo ndani yake huchukua njia nyingine. Hayakai juu ya ubao, huingia. Mafuta ya kitani, na mengine yatengenezwayo kwa ajili ya mbao za nje, huvuta oksijeni hewani na kuganda ndani ya vinyweleo vya mti, yakapunguza kasi ya maji kuingia bila kuyazuia kutoka. Chembe za rangi zilizochanganywa humo hukinga sehemu ya mwanga. Yanapochoka hayabambuki, hufifia tu, na sakafu ikioshwa na kukauka hupakwa tena juu ya yale ya zamani bila kukwanguliwa. Hudumu muda mfupi kuliko rangi, pengine mwaka mmoja au miwili kwenye roshani yenye jua kali, na ufupi huo huhesabiwa kuwa upungufu wake. Kwa kweli ndio ubora wake. Kinga inayoisha taratibu na kurudishwa kwa asubuhi moja humlazimisha mwenye nyumba kuitazama sakafu yake, na kuitazama ndiko kunakookoa boriti.

Si kila mafuta yanafaa. Mafuta ya nazi hayagandi. Hubaki yakinata, hukusanya vumbi na kulisha ukungu. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka mbaoni kwa kuwaogopa mchwa, huufanya ubao kuwa mweusi na utelezi, huchafua nguo na miguu, na husheheni sumu inayooshwa na mvua hadi kwenye udongo wa chini. Mafuta ya maganda ya korosho huwachukiza wadudu kweli, lakini yakiwa mabichi huunguza ngozi vibaya, na sakafu ni mahali pa miguu na watoto. Mafuta ya kitani yasiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu nayo huweza kuwa meusi kwa kuvu katika hewa ya pwani, kwa hiyo huchaguliwa yale yaliyotiwa.

Mabaharia wa pwani hii waliifahamu zamani kanuni hiyo ya kupaka na kurudia. Jahazi halikupakwa kitu kigumu cha kudumu milele. Mbao zake za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake ilitangulia chombo bandarini. Sehemu ya chini ya maji ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Chombo kilipopwelewa mchangani maji yalipokupwa, mabaharia walikikwangua, walikipitisha moto wa makuti kuwaua wadudu watobozi, wakakalafati viungo kwa pamba iliyolowa mafuta, kisha wakakipaka upya. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake, iliyofungamana na kugeuka kwa kaskazi na kusi. Hakuna nahodha aliyesubiri chombo kivuje ndipo akipake. Nyumba zilizojengwa kando ya bandari hizohizo, kwa mbao zilezile, zinastahili kalenda ya namna hiyo, na zingekuwa nayo zingepungukiwa na roshani chache zaidi.

Upakaji wenyewe ni mwepesi kuliko yote yaliyotangulia. Hufanywa asubuhi baada ya umande kukauka, au alasiri sakafu ikiwa kivulini, kwani jua kali huyagandisha mafuta juu kabla hayajazama. Mafuta hukorogwa hadi chini ya kopo, maana rangi hutuama. Hupakwa mbao mbili au tatu kwa urefu wake wote, toka ncha hadi ncha, ili kusiwe na alama za kukutania katikati. Ncha na matundu ya skrubu hunyweshwa mara mbili au tatu mpaka zikatae. Baada ya robo saa hivi, mafuta yaliyobaki juu hufutwa kwa tambara. Yakiachwa hugeuka utando wa kunata. Tabaka la pili jembamba huweza kufuata kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Inapowezekana uso wa chini nao hupakwa, walau mara moja, ili pande zote mbili za ubao zipokee unyevu kwa mwendo mmoja na ubao usijikunje.

Matambara yaliyotumika hayarundikwi. Mafuta ya kitani yanapovuta oksijeni hutoa joto, na katika rundo la matambara joto hilo halina pa kwenda. Huongezeka mpaka rundo linawaka lenyewe, bila kiberiti wala cheche. Nyumba zimeteketea hivyo usiku baada ya fundi kuondoka. Matambara hutandazwa moja moja nje yakauke, au hutiwa katika ndoo ya maji yenye mfuniko.

Baada ya hapo kinachobaki ni utaratibu. Sakafu ifagiwe mara kwa mara, mianya ikichokolewa, vyungu viwekwe juu ya vigingi vidogo na kuhamishwa, mikeka ianuliwe mvua inapokaribia. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, matone ya maji yadondoshwe mahali panapokanyagwa zaidi. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yako. Yakitandaa polepole, wakati unakaribia. Yakinywewa dakika ileile na ubao kuwa mweusi, sakafu inaomba: ioshwe, ikauke, ipakwe. Bisibisi nayo ipitishwe chini mara moja kila mwaka, hata kama juu pote panapendeza.

Inafaa pia mwenye nyumba aandike, mahali asipopapoteza, aina ya mbao iliyotumika, jina la mafuta yaliyopakwa na mwezi wa kupakwa. Roshani huishi kuliko mafundi wake, na huenda ikaishi kuliko wenye nyumba wenyewe. Atakayeirithi akijua kilichomo ndani ya ubao hatalazimika kuukwangua ili aanze upya. Ataendelea pale mwenzake alipoishia. Sakafu za mbao za miaka mingi zilizosimama hadi leo zimefika hivyo, kwa mikono iliyofuatana, kila mmoja ukifanya sehemu ndogo kwa wakati wake.